Mikro haina kosa, tazama waya

Niliitwa kanisa moja la Katuba, hapa Lubumbashi, kwa sababu mikro mbili mpya zisizo na waya eti "zimekufa". Papa pasta akisimama madhabahuni, sauti safi. Akishuka kuombea waamini, inakatika, inarudi, inakatika tena. Wazee walikuwa wameshaanza kuchanga pesa za kununua nyingine. Mimi nikaomba ngazi.

Juu ya boriti nilikuta antena mbili zimefungwa vizuri kabisa. Kutoka hapo waya mwembamba kama mrija wa soda ulizunguka ukuta hadi nyuma, kwenye meza ya mafundi. Nilihesabu hatua: mita 30 hivi. Kwenye ganda imeandikwa RG-58, jina la aina ya waya wa antena. Mgonjwa nikamjua.

Wimbi la redio linachoka likipita ndani ya waya. Kwenye masafa ya megahezi 600, RG-58 inakula karibu desibeli 35 kila mita 100. Mita 30 ni desibeli 10 na kidogo, na desibeli 10 maana yake nguvu inayofika ni sehemu moja ya kumi. Antena imepakua sahani nzima ya bukari, risiva, kile kisanduku kinachopokea wimbi la mikro, inaletewa tonge. Waya wa aina ya RG-213, nene kama kidole cha mwisho, ingekula karibu nusu ya desibeli hizo. LMR-400, unene uleule, ingekula 3 tu, ila bei yake inauma na haipendi kukunjwa kwenye kona.

Na ule waya mweupe wa televisheni, RG-6? Mafundi wenzangu wanaukataa kwa kuwa ni omu 75 (kipimo cha ukinzani wa waya kwa wimbi), na vifaa vya mikro ni omu 50. Mimi ukikosa kingine nakuruhusu. Tofauti hiyo ya omu inakunyang'anya kama desibeli 0.2 kwenye kila kiungo, na kwa urefu ule RG-6 inapoteza karibu nusu tu ya RG-58. Kinachonipa homa ni adapta za kubadilisha fishi (plagi) ya televisheni kuwa BNC, fishi ya antena za mikro: zikilegea kidogo, umerudi kulekule.

Siku moja kata RG-6 ya bei rahisi iliyoingilia mpakani Kasumbalesa, uangalie katikati. Ni chuma kilichovishwa shaba! Shaba tunaichimba sisi, inapanda lori, inaturudia ikiwa ngozi. Kwa wimbi la juu hivyo si kosa, maana linatembea kwenye ngozi tu. Lakini ukifunga kikuza mawimbi kwenye antena, kile kinacholishwa umeme kupitia waya uleule, chuma kinapunguza volti njiani. Kikuza chenyewe usikifunge kama waya ni mfupi: risiva inalemewa, na kelele inakuzwa pamoja na sauti.

Katuba sikununua hata mita moja ya waya wa antena. Nilihamisha risiva hadi pembeni ya madhabahu, nikasimamisha antena kwenye stendi mbili, mita moja kati yake, juu ya vichwa vya watu, kwa sababu mwili umejaa maji na maji yanakunywa mawimbi. Kutoka risiva hadi meza nikapitisha sauti kwenye waya wa XLR, ule wa kawaida wa mikro. Sauti kwenye XLR inakwenda mita 30, hata 100, bila manung'uniko. Wimbi la antena ndilo lisilopenda safari. Kazi ikaisha kabla ya mazoezi ya kwaya.

Kisha nikamwomba papa pasta anionyeshe anavyoshika mikro. Alikuwa ameifunika kichwa kwa kiganja, kama vijana wa rap. "Papa, samahani, mkono uishie katikati." Ukiziba kichwa, mikro inaanza kusikia pande zote na larseni (sauti ya spika kuirudia mikro) inapiga filimbi; ukikamata mkia, mara nyingi unakamata antena yake.

Kabla ya kununua mikro iliyotumika Ulaya, soma namba ya megahezi. Kuanzia 694 hadi 790, kwa kanda yetu ya Afrika na Ulaya, mkutano wa redio wa 2015 ulikamilisha kuyafungulia simu, na juu yake kuna simu vilevile. Bei nzuri ya namba hizo ina sababu yake.

Zile pesa za mchango zilikuwa bado zipo, na mama wa kwaya wakataka mikro nyeti za kondensa, zile za volti 48. Nikauliza kwanza bafu ziko wapi. (Ndugu wa Dar, bafu kwetu ni spika, si pa kuogea.) Ziko nyuma ya kwaya, zinawatazama migongoni, chini ya mabati. Kondensa pale ingekusanya bafu, na mvua ya Januari juu yake. Nikawachagulia dainamiki, mikro zisizo nyeti kama hizo, nne za waya za aina ya Shure SM58, mikro inayouzwa tangu 1966, mdomo uwe karibu. Hiyo inaziba masikio kwa nyuma kabisa, kwa hiyo spika ya kuwarudishia sauti ikae nyuma ya mikro, iwatazame usoni. Zile bafu tulizisukuma mbele siku hiyohiyo, mama wawili wakishika upande mmoja na mimi upande wa pili.