Kwa Nini Mwanafunzi wa Shaolin Hupigana na Hewa kwa Miaka?

Mwanafunzi wa Hung Gar, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China unaojihesabu kuwa wa Shaolin, anapoanza fomu yake ya kwanza haonyeshwi namna ya kumpiga mtu. Anaambiwa atanue miguu, ashuke mpaka mapaja yakaribie kulala sambamba na sakafu, mgongo ubaki wima, kisha akae hapo. Ngumi ziko kiunoni. Baadaye mikono yote miwili inatoka mbele, viganja vimesimama, kidole cha shahada ndicho kilichonyooka peke yake, na inasukumwa polepole kana kwamba mbele yake pana ukuta usiotaka kusogea. Anairudisha. Anasukuma tena. Mara tatu. Magoti yanatetemeka, jasho linadondoka, na hajarusha hata ngumi moja.

Mpita njia akichungulia dirishani ana haki ya kuuliza: hii ni sanaa ya kupigana, au mtoto wa watu anatumikia adhabu?

Fomu hiyo inaitwa Gung Ji Fook Fu Kuen, kwa Kikantoni, lugha ya watu wa Guangdong, kusini mwa China. Maana yake ni ngumi ya kumdhibiti chui milia, na hatua zake zinachora chini herufi ya Kichina inayosomwa «gung», yaani kazi. Herufi yenyewe ina umbo la I kubwa yenye kofia juu na kiatu chini. Fomu kwa jumla ni mfuatano wa mapigo, vizuizi, mikao na hatua ambao mtu huufanya peke yake kwa mpangilio usiobadilika. Watu wa karate huuita kata. Wengi wetu tulikutana nazo kwenye vibanda vya video, katika mikanda ya Hong Kong, ambamo shujaa anafanya fomu kwa dakika mbili za muziki, na akitoka hapo anawamaliza maadui arobaini bila nywele kuvurugika. Njia halisi ni ndefu kidogo kuliko hiyo.

Hekalu la Shaolin lenyewe liko mlima Songshan, mkoa wa Henan, na lilianzishwa mwaka 495. Hung Gar ni tawi la kusini, la Guangdong, linalojihesabu kuwa mtoto wa hekalu lingine la Shaolin linalosemekana lilikuwa Fujian na likachomwa moto na watawala wa Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China. Habari za moto huo, na za mtawa Jee Sin aliyeponea chupuchupu akaja kumfundisha mfanyabiashara wa chai aitwaye Hung Hei-gun, ni masimulizi zaidi kuliko historia. Anayejulikana vizuri ni Wong Fei-hung, aliyezaliwa mwaka 1847, mganga mwenye duka la dawa jijini Guangzhou lililoitwa Po Chi Lam. Mwanafunzi wake Lam Sai-wing, mchinja nguruwe kwa kazi yake ya kila siku, ndiye aliyezipeleka fomu hizi kitabuni mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo zilikaa miilini mwa watu tu.

Na hapo ndipo jibu la kwanza lilipo. Fomu ni kitabu cha mtu asiyekuwa na kitabu. Mchinja nyama, mbeba mizigo wa mtoni na mtawa wa ngazi ya chini hawakuwa na maktaba, na walimu wao hawakupenda siri zao zisambae kwenye karatasi. Basi mbinu zilishonwa pamoja, moja ikivuta nyingine, ili mtu akikumbuka hatua ya kwanza mwili umkumbushe ya pili. Kwetu jambo hili si geni. Mtoto wa chuoni huhifadhi juzuu nzima kabla hajajua tafsiri ya aya moja, na wazee waliweza kughani tenzi za mamia ya beti kwa sababu vina vilibeba nusu ya mzigo. Vina vya fomu ni mikao: kutoka mkao wa farasi, ule wa kutanua miguu na kushuka chini, huwezi kwenda popote upendapo, kwa hiyo mguu wenyewe unakuambia pigo linalofuata.

Lakini kama fomu ingekuwa kumbukumbu tu, kusingekuwa na haja ya kutetemeka magoti. Sehemu ya mwanzo, ile ya kidole na ukuta usioonekana, imewekwa kwa ajili ya kile wanachokiita nguvu ya ndani, na hili ndilo eneo lililojaa maneno mengi ya uongo.

Wachina wana maneno mawili ambayo sisi tungeyatia yote katika nguvu. La kwanza ni «li»: nguvu ghafi, ile ya kubeba magunia, ambayo kuli wa bandarini anayo tele. La pili ni «jin», ambalo kwa Kikantoni hutamkwa ging: nguvu iliyofunzwa, iliyokusanywa kutoka mwili mzima na kutolewa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kuli akimpiga mtu ngumi kwa mara ya kwanza maishani, hupiga kwa bega na mkono. Kinachomponza si udogo wa misuli bali ugomvi wa misuli yenyewe kwa yenyewe. Msuli wa nyuma ya mkono unanyoosha kiwiko, na ule wa mbele, kwa hofu na ugeni, nao umekaza na unakivuta kiwiko nyuma. Ni mchezo wa kuvuta kamba ndani ya mkono mmoja. Jasho jingi, pigo dogo.

Zoezi la kusukuma polepole linaanza, cha ajabu, kwa kuukuza ugomvi huo makusudi. Misuli ya pande zote mbili inakazwa kwa pamoja na mkono unatembea katikati ya mvutano. Mwanafunzi anapata mambo mawili. Kwanza, mkono wa mbele, kifundo, bega na mgongo vinaimarika, pamoja na kano zinazofunga misuli kwenye mifupa. Kano huchelewa kubadilika kuliko misuli, ndiyo maana walimu wa zamani walihesabu mazoezi kwa miaka badala ya wiki. Pili, na hili kwangu ndilo kubwa, anaanza kuhisi kila msuli ukikaza na kulegea, na asiyejua kwamba amekaza hawezi kulegeza. Baadaye kidogo, ndani ya fomu hiyo hiyo, zinakuja ngumi za kasi ambapo mkono unatakiwa utoke umelegea na ukaze pale tu unapofika. Aliyepita kwenye mvutano anajua tofauti.

Mkono, hata hivyo, ni kipaza sauti tu. Sauti inatoka chini. Misuli mikubwa ya binadamu iko mapajani na makalioni. Kutoka mkao wa farasi kwenda mkao wa upinde, ambapo goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, mguu huo wa nyuma unaisukuma ardhi, nyonga inazunguka, kiuno kinaibeba zamu hiyo, bega linafuata, na ngumi inafika ya mwisho. Kiungo kimoja kikilegea vibaya, msafara unakatika njiani. Kukaa chini kwa dakika nyingi kunajenga miguu ya kuhimili kazi hiyo, na zaidi ya hapo kunamfundisha mtu kusimama bila kuyumba anaposukumwa.

Kisha pumzi. Walimu huelekeza fikra kwenye dantian, mahali palipo vidole vichache chini ya kitovu. Ukivuta pumzi kwa tumbo, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka, tumbo linajaa, na kiwiliwili kinakuwa kama mpira uliojazwa upepo: nguvu ya miguu inapita kwenda mikononi bila kupotea katikati. Katika fomu nyingine ya Hung Gar, Tit Sin Kuen au uzi wa chuma, pumzi hutoka na sauti nzito za kooni na tumboni. Fomu hiyo inahusishwa na Leung Kwan, mmoja wa mabingwa kumi wa mapigano walioitwa Chui Milia Kumi wa Guangdong, ambaye mikono yake ilimpa jina la utani Tit Kiu Saam, Daraja la Chuma wa Tatu. Sauti zina faida ya wazi: anayetoa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi huku umekaza mwili hupandisha presha ya damu kwa kishindo. Mwenye presha asijaribu mambo haya peke yake chumbani.

Je, na «chi»? Mapokeo ya Kichina yanaeleza yote haya kwa chi, nishati ya uhai inayosemekana kutembea mwilini, na kama lugha ya kumwelekeza mwanafunzi, inafanya kazi vizuri; kumwambia mtu ashushe chi kunampa mkao ambao somo la anatomia la saa nzima lisingempa. Ila anayedai kumwangusha mtu bila kumgusa, mwombe akuangushe wewe, usiye mwanafunzi wake.

Hata mpaka kati ya sanaa za ndani, zinazosifiwa kwa ulaini na pumzi, na za nje, zinazosemwa kutegemea misuli, si wa kale kiasi kinachodhaniwa. Uliandikwa mwaka 1669 na msomi Huang Zongxi, katika maneno ya kaburi la mpiganaji mmoja, naye aliiweka Shaolin upande wa nje. Watu wa Shaolin wenye dantian na pumzi zao hawajawahi kuupenda sana mgawanyo huo.

Sasa kupigana. Katika Hung Gar mkono wa mbele, kutoka kiwiko hadi kifundo, huitwa daraja, kwa Kikantoni «kiu» (si ile ya maji). Daraja ni njia ya kumfikia mwenzio, na yeye kukufikia wewe. Mpinzani anarusha ngumi, mikono inakutana, na kuanzia hapo unamsoma kwa kugusa: anasukuma, anavuta, au amelegea? Ule msukumo wa polepole wa kidole cha shahada ghafla unapata maana. Ni mkono unaoshika katikati ya njia, unakandamiza kiwiko cha mwenzio na kukataa kusogezwa. Makucha ya chui milia yanayokuja baadaye ni mkono mmoja kunasa kifundo na kukivuta chini, wa pili ukienda usoni.

Lakini maana hizo hazijitokezi zenyewe kwa kurudia. Fomu lazima ifumuliwe. Unachukua pigo moja, mwenzako anakushambulia kwa njia mnayoijua. Kesho anabadilisha kasi. Mwezi ujao hakuambii atapiga wapi. Kuna zoezi la watu wawili kugonganisha mikono ya mbele sehemu tatu kwa zamu, liitwalo nyota tatu, na baada yake watu hupakana dawa ya maji ya mitishamba kwenye michubuko. Si ajabu walimu wengi wa sanaa hii walikuwa pia waganga wa mifupa na uvimbe. Wateja walijitengenezea wenyewe.

Anayeruka hatua hiyo anabaki na fomu nzuri tu. Jenerali Qi Jiguang, aliyekufa mwaka 1588 baada ya kuongoza vita dhidi ya maharamia wa pwani ya China, alikwisha kuandika kwamba ngumi tupu hazina kazi kubwa vitani. Faida yake ni kuuzoesha mwili na kumfungulia mgeni mlango wa silaha. Na mwaka 2017 Xu Xiaodong, mpiganaji wa ulingo wa mapigano mchanganyiko, alimmaliza mwalimu mmoja wa taiji, sanaa ya Kichina ya mwendo wa polepole, ndani ya sekunde chache, video ikazunguka China nzima. Wengi walisema fomu zimeumbuka. Mimi naona kilichoumbuka ni miaka mingi ya kufanya mazoezi na watu wanaokubali kuanguka.

Kipimo kimoja cha zamani hakihitaji ulingo wala mpinzani. Fomu nyingi za kale zimepangwa zirudi zilikoanzia: hatua mbele, hatua nyuma, kulia na kushoto, mpaka salamu ya mwisho. Mwalimu anachora alama chini kwa chaki mwanafunzi anapoanza, kisha hasemi kitu. Salamu ikitolewa hatua nzima pembeni ya chaki, wote wawili wanajua kuna mkao uliofupishwa njiani, na kwa kawaida ni ule mgumu.