Mtoto anayedondosha vitu si mzembe

Mzazi anapomleta mtoto kliniki ya afya ya akili, huanza na yanayomnyima usingizi: hatulii darasani, haongei, anapiga wenzake. Mwili hausemwi. Lakini mtazame asubuhi akivaa sare. Kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, anafungua, anaanza upya, mwishowe anamwita mdogo wake amfungie.

Karibu nusu ya watoto wenye utundu uliopitiliza na upungufu wa umakini wana pia ugumu wa kuratibu viungo. Wenye usonji wengine hutembea kwa ncha za vidole. Mwenye sonona huwa mzito hata kuinuka. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo hushirikiana na zile za umakini na hisia, kwa hiyo matatizo haya huandamana. Fimbo haimfundishi mtu kufunga kifungo. Inamtia woga, mwoga hukwepa michezo, na asiyecheza anazidi kubaki nyuma.

Dawa nazo zina lao. Haloperidoli, na wakati mwingine risperidoni, ambazo ni dawa za magonjwa ya akili, huweza kukaza misuli, hasa siku za mwanzo: shingo inapinda, macho yanapanda juu, taya inakaza. Majirani watasema jini. Ni dawa, na inatibika. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Dozi zinazofuata aamue daktari.

Tiba yenyewe ya ugumu wa kuratibu viungo haina maajabu, na binafsi siamini mazoezi ya jumla yasiyomgusa mtoto. Tunachukua jambo linalomkwamisha yeye, tuseme kamba za viatu, tunaligawa vipande, anajaribu, anasema mwenyewe wapi pamegoma na atafanyaje. Nyumbani, mdako unafundisha vidole na macho kuelewana. Rede na kuruka kamba vinafundisha mwili kwenda na wakati. Mwanzoni acheze na mtu mmoja asiyemcheka. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na hawa wetu wamo.

Mlioko Moshi, ulizieni tiba kwa vitendo (ya kumzoesha mtoto kazi za kila siku kama kuvaa) na mazoezi tiba pale hospitali ya KCMC. Wa Arusha waanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru. Nauli ya kuja Moshi kila wiki si ya kila familia, ndiyo maana tunamfundisha na mzazi. Mkija, bebeni daftari lake la shule na dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwemo.