"Baridi kali, barafu salama": dhana inayonitia hofu Posio

Kila majira ya baridi, wageni ninaowaongoza kwenye ziwa Kitka, wilayani Posio kaskazini mwa Finland, huniambia neno lile lile: "Wiki nzima imekuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, barafu itavunjikaje?" Nimechoka kulisikia, maana dhana hii inaua.

Baridi peke yake haitoshi. Theluji ikiifunika barafu changa, inaikinga na baridi, nayo hainenepi. Theluji ikizidi uzito, barafu inadidimia, maji yanapanda kupitia nyufa na kufanya uji wa maji na theluji uliojificha chini ya theluji kavu. Unakanyaga panapoonekana pakavu, buti linajaa maji, na kwa baridi ile vidole havisubiri. Uji huo ukiganda unakuwa barafu nyeupe, yenye takriban nusu tu ya nguvu ya barafu ngumu ya rangi ya chuma. Wanaposema sentimita 5 zinambeba mtu anayetembea, na 15 pikipiki ya theluji, wanazungumzia ile ngumu.

Halafu kuna mkondo. Kitka imejaa rasi, visiwa na njia nyembamba za maji. Chini ya daraja, kwenye mdomo wa kijito au kwenye ncha ya rasi, maji yanayotembea huila barafu kwa chini. Unaweza kutoboa kwa keekee ukakuta unene wa kutosha kabisa, na mbele kidogo tu pakawa pembamba. Toboa tena. Toboa kila unapobadilisha mahali, hata mwenyeji akikuharakisha. Na Mei ikikaribia, usiamini unene hata kidogo: jua huichambua barafu ikawa vijiti vilivyosimama wima visivyoshikana.

Nawapa wageni vishikio viwili vyenye ncha za chuma, nao wanavitia mkobani! Vivae shingoni, juu ya koti. Ukizama, geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikwisha kukubeba. Chomeka ncha kwenye barafu, piga miguu, jivute. Ukishatoka usisimame, biringika hadi penye barafu imara, kisha piga 112.

Dhana nyingine za wageni hazinichukulii muda. Eti Posio ni giza miezi sita? Mji wake uko kusini kidogo ya Mstari wa Aktiki, ule ambao kaskazini yake jua hukosa kuchomoza katikati ya majira ya baridi, kwa hiyo hata Desemba jua huchomoza kila siku, ingawa kwa saa chache, na mwanga wa machweo hukawia.

Eti kila mtu wa kaskazini ni Msami, yaani wa kabila la wenyeji wa asili wa huku? Eneo rasmi la Wasami ni Utsjoki, Inari, Enontekiö na sehemu ya kaskazini ya Sodankylä. Posio haimo.

Eti reia, wale kulungu wa nchi za baridi, ni wanyama pori? Wale unaowaona barabarani Posio wana wenyewe, na alama ya mwenye mali imekatwa sikioni. Wafugaji wengi wa hapa ni Wafini. Usimwulize mfugaji ana wangapi. Ni sawa na kumwuliza ana fedha kiasi gani benki.

Na eti kuvua kwa kutoboa barafu kunahitaji kibali? Kwa fimbo moja na ndoano, kwa kawaida hakuhitaji kibali wala malipo. Kinachohitajika ni keekee, na vile vishikio shingoni.