Kabla ya Kung'oa Choo, Fungua Tanki Lake

Mwezi uliopita niliitwa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, na mama mmoja ambaye simtanki yake ya lita 1,000 ilikuwa ikikauka kabla ya mgawo wa maji kurudi mtaani kwao, naye alikuwa amekwisha kata shauri. “Fundi, king'oe hiki choo uniwekee kipya.” Nilimwomba kwanza kikombe cha juisi ya choya, nikaimimina ndani ya tanki la kuflashia, na tukakaa nusu saa bila mtu yeyote kukitumia choo. Tuliporudi, maji ya kwenye sinki la choo yalikuwa mekundu.

Raba ya chini ya tanki ilikuwa haizibi. Maji ya visima vya Makutupora, ambayo Dodoma tumeyategemea kwa miaka mingi, yana chumvichumvi inayoacha ukoko mweupe; ukoko huo hujijenga pale raba inapokalia na kwenye koki ya boya, kisha maji yakavuja usiku na mchana bila sauti. Ndiyo maana simkubalii mteja anunue choo kipya kabla sijasugua ukoko, sijabadilisha raba na sijashusha boya hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la ziada, lile linalopeleka maji sinkini tanki likijaa kupita kiasi. Tofali ndani ya tanki silishauri kabisa, kwa sababu humomonyoka na mchanga wake huishia kwenye raba.

Baada ya hapo ndipo nazungumzia mashine ya vitufe viwili, kimoja cha maji mengi na kingine cha maji machache, ambayo mara nyingi huingia katika tanki lilelile la zamani. Familia ya watu 5, kila mmoja akiflashi mara 5 kwa siku katika tanki la lita 9, humaliza lita 225. Wakitumia lita 6 kwa haja kubwa mara moja na lita 3 kwa zile nyingine, humaliza lita 90.

Hesabu hiyo huharibika kama sinki lenyewe liliundwa kwa maji mengi, kwani mtu atalazimika kuflashi mara mbili, na uchafu unaweza kukwama njiani kabla ya kufika chemba. Kwa hiyo huanza na maji machache, najaribu kwa karatasi za chooni, na kuongeza kidogo kidogo. Likishindwa kujisafisha hata kwa lita 6, hapo nakubali kwamba sinki nalo libadilishwe. La yule mama lilijisafisha, na choo chake kimebaki palepale.