"Grafiki ya GB 4" maana yake nini hasa?

Kadi ya grafiki ni sehemu ya kompyuta inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Ina chipu inayopiga hesabu za picha, yaani GPU, na ina kumbukumbu yake yenyewe, VRAM, ambamo picha hizo hukaa karibu na chipu zikisubiri kufanyiwa kazi. GB zinazotajwa ni ukubwa wa kumbukumbu hiyo. Maana imeishia hapo.

Kilichobaki ni matangazo. Vijana wanaouza kompyuta za mtumba hapa Tanga, zile za ofisi zinazogeuzwa mashine za gemu, wana sentensi moja wanayoipenda: "Ina grafiki ya GB 4, gemu zote inacheza." Jina la kadi halipo, mwaka wake haupo. Mnunuzi naye, badala ya kuuliza ni kadi gani, anauliza kama ipo ya GB 6. Wanapatana bei, pesa inatoka, na kadi yenyewe haijatajwa hata mara moja.

Chukua kadi mbili za mwaka mmoja. Mwaka 2014 Nvidia, kampuni inayotengeneza chipu za grafiki, ilitoa GTX 750 Ti na GT 730. GT 730 zipo zenye GB 4 za DDR3, kumbukumbu ya aina ileile iliyokuwa ikitumika kama RAM ya kawaida ya kompyuta wakati huo. GTX 750 Ti ya kawaida ina GB 2 tu, lakini za GDDR5, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi za grafiki. Kwa hesabu ya matangazo, GT 730 imeshinda mara mbili. Sasa tazama kasi: GT 730 ya DDR3 yenye njia ya biti 64 (huo ni upana wa njia ya data) hupitisha GB 14.4 kwa sekunde kati ya kumbukumbu na chipu, wakati 750 Ti hupitisha GB 86.4. Kori za chipu, yaani vitengo vidogo vinavyopiga hesabu ndani yake, ni 384 dhidi ya 640, tena zile 640 ni za kizazi kipya zaidi. Ukiziweka kwenye gemu moja, hakuna cha kubishania.

Aliyeijua bandari yetu kabla haijaongezwa kina atanielewa haraka. Meli ilitia nanga mbali, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka gatini. Hata ungejenga ghala jingine gatini, meli isingeondoka mapema kwa dakika moja. GB ni ghala, kasi ni matishari.

Kwa hiyo "grafiki ya GB 4" inaweza kuwa ile GT 730, na inaweza pia kuwa GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kori 768 na kasi ya GB 112 kwa sekunde. Tangazo ni lilelile neno kwa neno, kadi zimeachana karibu mara nane kwa kasi ya kumbukumbu. Na 1050 Ti ndiyo inayoifaa mashine ya ofisi, kwa kuwa nyingi kati yake hazihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Zinatosheka na wati 75 za sloti, lile tundu inakochomekwa kadi.

Basi tusome jina? Tusome, ila kwa jicho la pili. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 na GDDR5, kasi GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likaja toleo la DDR4, aina ya RAM ya kawaida tena, kasi GB 16.8. Jina halikubadilika, GB 2 hazikubadilika, na kwenye gemu nyingi toleo la pili hutoa karibu nusu ya fremu (picha zinazochorwa kwa sekunde) za la kwanza. Hapo siwezi kumlaumu muuzaji wa Ngamiani hapa Tanga, maana mchezo umeanzia kiwandani. GTX 1060 nayo ilitoka ya GB 3 na ya GB 6, watu wakadhani zinatofautiana kumbukumbu tu, kumbe hata kori ni 1152 kwa 1280.

Linaloniudhi kuliko yote ni la laptopu. Windows ikikuta laptopu isiyo na kadi yake, yenye grafiki ya Intel ndani ya prosesa, huiruhusu grafiki hiyo kuazima mpaka karibu nusu ya RAM. Laptopu ya RAM ya GB 8 itaonyesha takriban GB 4 za grafiki. Muuzaji anapiga picha namba hiyo na kuiweka kwenye tangazo. Hapo hakuna VRAM hata moja. Ni RAM ileile uliyokwisha kuilipia, imehesabiwa mara ya pili.

Wapo pia walioachana na GB wakahamia kwenye biti na kori, na sasa wanalinganisha kadi za zamani na mpya kwa namba hizo. Nao wataangushwa. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina GB 12, kori 3584, biti 192 na kasi ya GB 360 kwa sekunde. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina GB 8, kori 3072, biti 128 na kasi ya GB 272. Kila namba imeshuka, lakini kwenye gemu nyingi 4060 inatangulia, tena kwa wati 115 dhidi ya 170. Chipu yake inakimbia kwa GHz 2.46 badala ya 1.78, na kashe iliyo ndani ya chipu imepanda kutoka MB 3 hadi MB 24, hivyo haiendi kwenye kumbukumbu ya nje kila mara. Namba za kori hulinganishwa ndani ya kizazi kimoja. Nje ya hapo, tazama fremu kwenye gemu unayoitaka wewe.

GB zina siku yake pia. Gemu ikihitaji zaidi ya GB 8, hiyo 4060 itaanza kukwamakwama na 3060 ya zamani itaendelea vizuri.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa "grafiki ya GB 4", hujadanganya, umetaja kipande. Ongeza jina kamili na aina ya kumbukumbu. Programu ya GPU-Z ni ya bure na inaonyesha vyote kwenye dirisha moja. Piga picha ya skrini, ibandike kwenye tangazo. Ikiandika FAKE mbele ya jina la kadi, usiiuze kwanza. Zipo GTX 1050 Ti ambazo ndani ni chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishwa jina, na huenda aliyekuuzia wewe naye alitaja GB tu.