Mafuta ya kupikia si dawa ya mwana-mbuzi

"Tumbo lilimjaa, nikamnywesha mafuta ya kupikia." Maneno haya, huku kaunti ya Lamu, nayasikia Mokowe, nayasikia Hindi, nayasikia hata Lamu mjini kwa wenye punda, na anayeletwa kwangu nimtibu huwa ni mtoto: mwana-mbuzi wa siku chache, shingo imelegea, anahema kwa mbavu, puani anachuruzika mafuta yenye harufu ya jikoni. Huyo tatizo lake si tumbo tena, ni mapafu.

Dhana hii ina chanzo chake. Ng'ombe au mbuzi mkubwa aliyeshiba majani mabichi ya kunde hujaa gesi yenye povu, na mafuta hulivunja povu hilo gesi ikapata njia. Hilo ni kweli. Lakini povu lile hukaa kwenye tumbo la kwanza, la kucheulia, na kwa mwana-mbuzi wa wiki mbili tumbo hilo bado halijaanza kazi. Maziwa anayonyonya hulipita yakaenda tumbo la nne. Mtoto wa punda ndiyo kabisa, tumbo hilo hana wala hatalipata, maana punda hacheui. Sasa mafuta yanakwenda kuvunja povu gani?

Na namna ya kunywesha ndiyo inayoua. Unamwinua kichwa, unambana taya, unamimina kwa chupa ya soda. Maji yakipotea njia, mnyama hukohoa akayatoa. Mafuta hayamkeri koo. Huteleza mpaka mapafuni kimya kimya, na yakishafika huko sina sindano ya kuyatoa. Kwa hivyo mtoto akijaa tumbo, weka chupa chini, umtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa baridi, usimpe kitu, hata maziwa, mpaka apate joto: mkaushe, mfunge kanga, mlaze karibu na chupa ya maji moto. Halafu nipigie. Wengi hulipuuza hili la kidole, nami nitalisema tena na tena.

Dhana ya pili ni ya uji wa mahindi kwa mtoto aliyefiwa na mama. Siku za mwanzo tumbo lake haliwezi kuuvunja wanga. Uji unachacha humo, anahara, anakauka. Mpe maziwa ya mbuzi mwingine au ya ng'ombe, ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Wa punda muulizie kwanza: maziwa ya mama yake yana mafuta machache na sukari nyingi kuliko ya ng'ombe.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kumwagwa eti ni chafu? Jamani! Mbuzi, ng'ombe na punda huzaliwa karibu bila kinga yoyote, na kinga yao imo humo. Anyonye ndani ya saa sita za kwanza. Zikipita saa 24, utumbo haupokei tena.

Na mahindi yenye ukungu "wape punda". Punda ni katika wanyama wanaodhurika zaidi. Sumu ya fumonisini huuozesha ubongo wake, akazunguka, akagonga kuta, watu wakasema amepagawa. Mahindi hayo huweza pia kuwa na aflatoksini, sumu nyingine ya ukungu, iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, nayo mbuzi akiila hutoka kwenye maziwa mnayowapa watoto. Kuosha na kuchemsha hakuiondoi. Gunia hilo lifukiwe, hata kama mlilinunua Mpeketoni kwa bei ya kuumiza.