Je, wajua kwa nini rekodi ya Hack Wilson iliongezeka nusu karne baada ya kuzikwa?

Lewis Robert Wilson, ambaye Marekani nzima ilimwita Hack, alifariki mjini Baltimore Novemba 1948. Vitabu vya besiboli vilikuwa vimemwandikia rekodi ya mikimbio 190 katika msimu mmoja wa 1930. Juni 1999 kamishna wa besiboli ya Marekani, Bud Selig, akatangaza kwamba kuanzia hapo rekodi hiyo isomeke 191. Marehemu kaongeza mkimbio akiwa kaburini.

Jibu la haraka ni kwamba karani alikosea jina. Lakini ukiishia hapo utakosa utamu wote, kwa sababu ile 191 imebeba mikono ya watu wengi sana: wenzake waliomtangulia kupiga, mafundi walioshona mpira, kocha aliyemvumilia, na hao makarani wenyewe. Wilson alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Ila hakuna rekodi ya besiboli inayomtegemea jirani kama hii.

Tuanze na mchezo wenyewe kwa asiyeujua. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa kigongo, kisha anakimbia vituo vitatu na kurejea pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Anayefika nyumbani anaipatia timu yake mkimbio mmoja. Mara nyingi mtu hamalizi mzunguko kwa mpigo wake mwenyewe. Anakwama kituo cha kwanza au cha pili, akisubiri mwenzake apige vizuri ili yeye aendelee. Karani basi huandika mambo mawili: nani kakimbia hadi nyumbani, na mpigo wa nani ndio uliomleta. Ni kama soka inavyomhesabia mfungaji goli na mtoaji pasi ya mwisho, ila huku anayesifiwa zaidi ni yule aliyemleta mwenzake. Hesabu hiyo ya kuleta imekuwa takwimu rasmi tangu 1920, na ndiyo yenye ile 191. Mpira ukivuka uzio, huo ni homurani: wote waliokuwa kwenye vituo wanarudi nyumbani wakitembea, na mpigaji nyuma yao, naye akijihesabia mmoja.

Sasa mtazame mwenyewe. Alizaliwa 1900 Ellwood City, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Wazazi wote wawili walikuwa walevi, na mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka saba. Shule aliiacha mapema, akaenda kupiga nyundo kwenye kiwanda cha vichwa vya treni kwa dola 4 kwa wiki. Nyundo ile ilimjenga. Alikuwa na urefu wa sentimita 168 tu na uzito wa karibu kilo 88, shingo nene kama ya mcheza mieleka, mikono mifupi iliyojaa misuli, halafu chini kabisa vimiguu vidogo vya kushangaza. Wapo waliokuja kukisia, kutokana na umbo hilo na historia ya wazazi, kwamba pombe ilimdhuru tangu tumboni mwa mama yake.

Mwaka 1921 alikwenda Martinsburg, West Virginia, kuchezea timu ya daraja la chini kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mechi ya kwanza tu, akiteleza kuwahi nyumbani, akavunjika mguu. Kuchuchumaa mchana kutwa hakukuwezekana tena, wakampeleka eneo la nyuma ya uwanja, kule wanakosimama wachezaji watatu kungoja mipira mirefu. Huko ndiko alikobaki maisha yake yote ya mchezo, akisimama katikati.

New York Giants walimchukua 1923, wakamshusha kwenye timu ya daraja la chini ya Toledo 1925, kisha ofisi yao ikasahau kukamilisha makaratasi ya kumlinda asichukuliwe na klabu nyingine. Chicago Cubs wakamnyakua kwa dola 5,000. Mnaona? Hata kufika kwake Chicago kulitokana na uzembe wa mtu wa ofisini.

Chicago alimkuta kocha Joe McCarthy, na hapo ndipo mambo yalipomnyookea. Katika misimu mitatu ya kwanza, 1926 hadi 1928, aliongoza au kugawana uongozi wa homurani katika Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu: 21, kisha 30, kisha 31. Mwaka 1929 akaleta mikimbio 159. McCarthy alijua kabisa kwamba mtu wake anakunywa, tena wakati ambapo pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima na Chicago ilikuwa imejaa baa za uchochoroni. Kinasimuliwa kisa, na sitashangaa kikiwa kimetiwa chumvi, kwamba kocha alimwita akatumbukiza mnyoo kwenye glasi ya maji, ukacheza vizuri. Akautia kwenye glasi ya wiski, ukafa palepale. Akamuuliza amejifunza nini. Wilson akajibu kwamba ukinywa wiski hupati minyoo.

Kabla ya 1930 lazima tupite Oktoba 12, 1929, Philadelphia. Ilikuwa fainali ya ubingwa dhidi ya Athletics, mechi ya nne. Cubs wanaongoza 8 kwa 0, kipindi cha saba kati ya tisa, jua limeinama na linapiga machoni mwa wachezaji wa nyuma. Wilson akapotelewa na mpira mmoja angani. Baadaye kidogo Mule Haas akapiga mwingine kuelekea katikati, Wilson akaukimbilia, jua likaumeza, ukampita na kubiringika hadi kwenye uzio huku watu watatu wakikimbia hadi nyumbani, Haas akiwa wa tatu. Athletics walipata mikimbio 10 katika kipindi kimoja na kushinda 10 kwa 8, kisha wakatwaa ubingwa kwa mechi nne kwa moja. Katika fainali hizo Wilson alifanikiwa kupiga mara 8 kati ya 17, kiwango cha juu mno, lakini watu walikumbuka jua tu. Majira ya baridi yote alidhihakiwa.

Ndipo ikaja 1930. Mpira wa mwaka ule ulikuwa ukiruka ajabu. Ligi ya Taifa nzima, ukichanganya hodari na wabovu, ilipata wastani wa kupiga wa .303, yaani mafanikio 303 kwa kila majaribio 1,000, wakati hata leo mpigaji mmoja kufikisha .300 ni heshima. Philadelphia Phillies walipiga .315 na bado wakamaliza wa mwisho, maana warushaji wao walikuwa wakipigwa zaidi kuliko wao walivyopiga. Katika sherehe hiyo Wilson alipata .356 na homurani 56, idadi ambayo hakuna aliyeivuka katika Ligi ya Taifa hadi 1998, walipotokea Mark McGwire na Sammy Sosa. Agosti peke yake alileta mikimbio 53. Wapo wapigaji wazuri wanaomaliza msimu mzima hawajafika hapo.

Hebu fanya hesabu ndogo. Toa 56 kwenye 191. Katika 56 alijileta mwenyewe. Zinabaki 135, na kila mmoja kati ya hizo ni mwenzake aliyekuwa amesimama kwenye kituo akingoja. Walikuwa nani? Zaidi walikuwa Woody English na Kiki Cuyler, waliopiga kabla yake. English alikimbia hadi nyumbani mara 152 msimu ule, Cuyler mara 155, na kila mmoja alikuwa akifika kwenye kituo zaidi ya mara nne katika kila nafasi kumi. Mpe mpigaji yeyote mkubwa mbele yake watu wawili wa namna hiyo, na namba zake zitapanda. Timu nzima ilipata mikimbio 998. Ubingwa wa ligi, hata hivyo, ulikwenda St. Louis; Cubs walikuwa wa pili.

Turudi kwa karani. Julai 28, 1930 Cubs walicheza mechi mbili siku moja dhidi ya Cincinnati Reds. Katika mechi ya pili karatasi rasmi ilimwandikia mwenzake Charlie Grimm mikimbio miwili ya kuleta na Wilson sifuri. Ukweli ni kwamba kila mmoja alileta mmoja. Siku hizo karani alijaza fomu kwa mkono uwanjani, fomu ikaenda ofisi ya ligi, ikanakiliwa kwenye daftari, ikawa historia. Hakuna video wala wa kuhakiki.

Mwaka 1977 mtafiti mmoja aliyekuwa akifuatilia mfululizo wa mechi ambazo Wilson alileta mikimbio alikuta pengo siku ile moja. Aliliandikia gazeti la The Sporting News. Wanahistoria wa mchezo wakarudi kwenye magazeti ya 1930, ambayo yalisimulia kila mkimbio ulivyopatikana, wakakuta simulizi haziendani na karatasi rasmi. Tangu pengo lilipoonekana hadi Selig alipotangaza ilipita miaka 22. Wakubwa wa besiboli hawapendi kufukua. Ty Cobb, nyota mwingine wa zamani, kwa mfano, alihesabiwa mara mbili mipigo miwili ya 1910, jambo lililofichuliwa 1981, na kamishna wa wakati huo, Bowie Kuhn, akaamua jumla ya Cobb ya mipigo 4,191 ibaki ilivyo. Kumwongezea marehemu ni rahisi kuliko kumpunguzia. Grimm, aliyepunguziwa mmoja, alikuwa ameshafariki 1983, na mmoja kwake haukuwa na uzito wowote.

Kama 1930 ilikuwa na mikono mingi, basi mikono hiyo ilipoondoka tuliona kilichobaki. McCarthy aliondoka mwishoni mwa msimu, akaenda kutwaa mataji saba na New York Yankees. Ligi ya Taifa ikabadilisha mpira, ukawekwa ngozi nene zaidi na nyuzi zilizoinuka ili warushaji waushike vizuri. Kocha mpya, Rogers Hornsby, naye mpigaji mkubwa asiye na simile, alimkataza Wilson kupiga mipira fulani aliyokuwa huru kuipiga chini ya McCarthy. Pombe, kwa upande wake, haikuondoka, iliongezeka. Wilson aliyelipwa dola 33,000 kwa mwaka 1931, mshahara mkubwa kuliko wote katika ligi yake, alitoka homurani 56 hadi 13, na mikimbio 191 hadi 61. Septemba klabu ikamsimamisha. Wengi hulaumu chupa peke yake. Mimi naona chupa ilikuwepo pia 1930, na 1929, na kabla yake. Mpira na kocha ndivyo vilivyobadilika kwanza. Kule Brooklyn, klabu aliyoichezea 1932, mbali na Hornsby, alirudi kuleta mikimbio 123, kisha mwili wenyewe ukakataa. Mechi yake ya mwisho ya ligi kuu ilikuwa 1934 akiwa na Phillies, umri miaka 34.

Baada ya hapo fedha ziliisha haraka. Alihamia Baltimore, akafanya vibarua, kazi ya kiwandani wakati wa vita, na mwishowe kusimamia bwawa la kuogelea la manispaa. Wiki moja kabla ya kifo chake alihojiwa redioni na kueleza jinsi ulevi ulivyomharibia. Mwili wake ulikaa siku tatu bila kudaiwa na ndugu, hadi rais wa Ligi ya Taifa, Ford Frick, akatuma dola 350 za mazishi. Kaburi lake liko Martinsburg, pale alipovunjika mguu. Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli ulimpokea 1979.

Ile 191 je, itavunjwa? Waliomkaribia wote walicheza zama zake: Lou Gehrig wa Yankees mwaka 1931, na Hank Greenberg wa Detroit mwaka 1937. Tangu Jimmie Foxx alipopata 175 mwaka 1938, aliyefika mbali zaidi ni Manny Ramirez, 165, mwaka uleule wa 1999 ambao Wilson aliongezewa mmoja wake. Leo msimu una mechi 162 badala ya 154, lakini warushaji hubadilishwa wangali na nguvu, na makocha wengi humweka mpigaji wao bora nafasi ya pili katika zamu za kupiga badala ya ya nne, ambako huwakuta watu wachache zaidi kwenye vituo.